Taswira ya diski nzima kwa seva mbili za SACCO: uchague programu ipi, na kwa vigezo gani

Msomaji anayesimamia kompyuta za SACCO moja mjini Arua ameniuliza hivi: "Tuna seva mbili. Ya kwanza ni Windows Server 2019 yenye hesabu za wanachama ndani ya SQL Server. Ya pili ni Ubuntu yenye faili za ofisi na hifadhidata ndogo ya PostgreSQL. Zote ni mashine halisi zenye diski ya terabaiti 1, na data iliyomo haizidi gigabaiti 300 kwa kila moja. Nataka niwe na taswira ya diski nzima ili seva ikifa niirudishe bila kusakinisha kila kitu upya. Wengine wananiambia Clonezilla inatosha, mwenzangu anatumia Macrium ya bure, na mwuzaji mmoja anatuhimiza tununue Acronis. Nichague ipi?"

Ndugu msomaji, swali lako lina jibu, lakini jibu lenyewe halianzii kwenye majina ya programu. Linaanzia siku ambayo seva imekufa, na swali la siku hiyo ni moja: utairejesha taswira yako, yaani nakala ya diski nzima pamoja na mfumo endeshi na programu zake, juu ya mashine gani? Arua iko karibu kilomita 500 kutoka Kampala kwa barabara, na hata Kampala kwenyewe si rahisi kupata ndani ya siku moja seva ya muundo uleule, yenye kidhibiti cha diski kilekile (kifaa kinachoiunganisha diski na mashine) na diski za ukubwa uleule. Yaelekea utakachokuwa nacho mkononi ni kompyuta ya mezani yenye nguvu ya wastani, iliyokuwa ikitumika idara nyingine, pamoja na diski iliyopatikana dukani asubuhi ile. Kwa sababu hiyo kigezo ninachokiweka mbele ya bei, kasi na urahisi wa matumizi ni uwezo wa programu kurejesha taswira kwenye mashine isiyofanana na ile ilikotoka. Karibu kila programu uliyotajiwa inaweza kuchukua taswira. Si kila moja inaweza kuirudisha kwenye diski ndogo zaidi, au kwenye mashine ya kampuni nyingine yenye kidhibiti cha diski ambacho mfumo wa zamani haukijui.

Kigezo cha pili ni kama seva inaweza kuzimwa wakati taswira inachukuliwa, na hapa ndipo ushauri wa Clonezilla unapohitaji kukamilishwa. Clonezilla ni programu huria iliyokuzwa katika kituo cha NCHC cha Taiwan, na kwa kazi yake ni nzuri sana. Unaiwasha kutoka kwenye fleshi, inausoma mfumo wa faili na kunakili bloku, yaani vipande vya diski, zenye data peke yake, kwa hiyo diski yako ya terabaiti 1 yenye gigabaiti 300 haitazaa faili la terabaiti 1. Inaweza kuandika taswira kwenye diski ya nje, au kupitia mtandao kwa SSH, Samba au NFS, na ina hatua ya kukagua kama taswira iliyohifadhiwa inaweza kurejeshwa, hatua ambayo nakusihi usiiruke hata kama umechoka na saa zimekwenda. Lakini mipaka yake imeandikwa wazi na waliotengeneza: patisheni (sehemu ya diski) inayochukuliwa taswira isiwe inatumika, maana yake seva iwe imezimwa na kuwashwa upya kwa Clonezilla, haina njia ya kuchukua mabadiliko ya jana na leo peke yake, bali kila mara inachukua yote, na diski ya kurejeshea iwe sawa na ya awali au kubwa kuliko hiyo. Ukiweka mipaka hiyo mitatu pamoja, utaona kwamba Clonezilla ni chombo cha matukio maalumu. Itumie mara seva inapomaliza kusakinishwa, kabla ya kubadilisha toleo la mfumo endeshi, kabla ya kuhamia diski mpya. Haifai kuwa kinga ya kila usiku, kwa sababu hakuna meneja wa SACCO atakayekubali seva izimwe kila siku, na hata angekubali, kazi inayomtegemea mtu abaki ofisini usiku hukoma mtu huyo anapougua au kwenda likizo.

Ipo pia amri ya dd ya kunakili diski, ambayo kila mwenye Linux anayo tayari. Sikushauri uitumie kwa kazi hii. Inanakili hata nafasi tupu, haijui mfumo wa faili, na ukiielekeza kwenye diski ambayo mfumo wake unaendelea kuandika, unapata taswira ambayo mwanzo wake ni wa saa nne usiku na mwisho wake ni wa saa saba. Kama siku moja diski itaanza kuharibika na unataka kuokoa kilichobaki, tumia GNU ddrescue, ambayo inaruka sehemu mbovu, inaziandika kwenye kumbukumbu yake, kisha inazirudia baadaye; huo ni uokoaji, haumo katika ratiba ya nakala rudufu.

Seva isiyozimwa inahitaji snapishoti, yaani njia ya kuushikilia muonekano wa diski wa dakika moja huku watumiaji wakiendelea na kazi. Upande wa Windows, kazi hiyo inafanywa na VSS (Volume Shadow Copy Service), iliyomo ndani ya mfumo wenyewe. Programu ya nakala rudufu inapoomba, VSS huiambia SQL Server imalize inachoandika na isimame kwa sekunde chache, snapishoti inachukuliwa, kisha maandishi yanaendelea. Taswira inayotoka hapo inaijua hali ya hifadhidata. Taswira inayochukuliwa bila mawasiliano hayo inafanana na diski ya mashine iliyokatikiwa umeme ghafla: mara nyingi hifadhidata itajirekebisha ikiwashwa, lakini mimi nisingependa hesabu za akiba za wanachama zitegemee neno "mara nyingi". Kwa hiyo programu yoyote utakayoletewa kwa ajili ya seva ya Windows, muulize mwuzaji kama inatumia VSS na kama inakitambua kiunganishi cha SQL Server, yaani sehemu inayoiwezesha VSS kuwasiliana na hifadhidata hiyo. Akishindwa kujibu, mshukuru na uendelee na wengine.

Windows Server ina programu yake ya ndani iitwayo Windows Server Backup, pamoja na amri ya wbadmin, na haina gharama ya ziada. Inatumia VSS, inaweza kuchukua kila kinachohitajika kuiwasha seva upya, na urejeshaji hufanywa kwa kuwasha mashine kutoka kwenye diski ya usakinishaji ya Windows. Ina mambo mawili ambayo watu huyagundua wakiwa wamechelewa. La kwanza, ukiielekeza kwenye folda ya mtandao, inabakiza nakala moja tu ya mwisho, na kila usiku nakala mpya inaifuta ya jana. Kama uharibifu ulitokea Jumanne na ukagunduliwa Alhamisi, nakala ya Jumatatu haipo tena. Ukiipa diski ya nje iliyotengwa kwa kazi hiyo peke yake, inaweka matoleo mengi. La pili, katika kurejesha mashine nzima inataka diski yenye ukubwa usiopungua ule wa diski ya awali, hata kama data ilikuwa ndogo. Diski yako ni ya terabaiti 1. Dukani ukikuta za gigabaiti 500 peke yake, umekwama ukiwa na data ya gigabaiti 300 tu.

Kwa sababu hiyo, kwa seva ya Windows ningechagua Veeam Agent. Toleo lake la bure linafanya kazi kwenye Windows Server, linatumia VSS, linachukua taswira kamili mara ya kwanza kisha bloku zilizobadilika peke yake, na linatengeneza fleshi au ISO (faili la diski ya kuwashia) ya kuokolea inayobeba draiva, yaani programu ndogo za kuendesha vifaa, za mashine ya awali na kukuruhusu kuongeza nyingine. Wakati wa kurejesha unaweza kupunguza ukubwa wa patisheni ili ziingie kwenye diski ndogo, mradi data yenyewe inatosha. Unaweza pia kufungua taswira na kutoa faili moja lililofutwa kimakosa, jambo ambalo katika ofisi yoyote hutokea mara nyingi kuliko seva kufa. Baadaye mkiongeza mashine, kampuni ya Veeam ina Veeam Backup & Replication Community Edition, ambayo inalinda bila malipo seva au mashine pepe (kompyuta zinazoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine) hadi 10 na kuzisimamia zote kutoka mahali pamoja. Kama seva hiyo ya Windows ndiyo pia inayobeba Active Directory, huduma ya Windows ya kusimamia watumiaji na kompyuta za ofisi, zingatia neno moja: usirudishe kiholela taswira ya zamani ya seva hiyo wakati kuna nyingine ya aina yake inayoendelea kufanya kazi, kwa sababu namba za mabadiliko zitarudi nyuma na seva hizo mbili zitaacha kuelewana kimyakimya. Mkiwa na moja tu, hatari hiyo haipo.

Kwenye Ubuntu, mambo ni tofauti kidogo, na ninalo pendekezo ambalo huenda hukulitarajia kwa sababu si taswira kwa maana kali. Veeam ina toleo la Linux pia, na linafanya kazi vizuri, ila kwa kawaida linategemea kipande kinachoingia ndani ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi. Kerneli ikisasishwa kabla kipande hicho hakijawa tayari kwa toleo jipya, kazi ya usiku inaanguka mpaka mtu aishughulikie. Pendekezo langu ni Relax-and-Recover, ambayo wengi huiita ReaR. Ni programu huria iliyoandikwa kwa Bash, lugha ya amri za Linux, tangu 2006, na imo katika hazina za Ubuntu, Red Hat na SUSE. Badala ya kunakili diski bloku kwa bloku, inaandika ramani ya diski yako: patisheni, LVM na RAID ya programu (njia za kuunganisha diski kadhaa), mifumo ya faili, na namna mashine inavyowashwa. Inatengeneza ISO ndogo yenye kerneli yako mwenyewe na zana zako, halafu inahifadhi faili zote kwa tar au kwa chombo kingine utakachochagua. Siku ya kurejesha unawasha mashine kutoka kwenye ISO hiyo, unaandika "rear recover", nayo inazijenga patisheni upya, inarudisha faili, na kusakinisha upya kianzishi cha mfumo. Ikikuta diski zina ukubwa au majina tofauti, inasimama na kukuuliza zipangwe vipi. Hilo ndilo hitaji lako la Arua hasa, na limetimizwa bila shilingi moja ya leseni.

ReaR inadai nidhamu mbili. Kila unapobadilisha kerneli au mpangilio wa diski, ISO ya zamani haikuelezi tena mashine ilivyo. Ipo amri ya "rear checklayout" inayotambua mabadiliko, iweke kwenye cron, kiratibu cha kazi za Linux, ijiendeshe kila siku. Nidhamu ya pili ni kwamba inasoma faili wakati seva inatumika, kwa hiyo faili za PostgreSQL zilizomo ndani ya nakala hiyo haziaminiki. Kabla ya ReaR kuanza, endesha pg_dump, amri ya kutoa nakala ya hifadhidata ya PostgreSQL, na uweke matokeo yake mahali ambapo ReaR itayachukua pamoja na vingine.

Jambo hilo linanipeleka kwenye kitu ambacho swali lako halikukigusa, nami nakiona kizito kuliko uchaguzi wa programu. Taswira ya diski inakurudishia mashine, haikuhakikishii miamala. Ukichukua taswira saa sita usiku na seva ikafa saa kumi alasiri, akiba na marejesho ya mikopo ya siku nzima yamekwenda, hata kama taswira ni kamilifu. Kwa hiyo SQL Server iwe na nakala yake kamili kila usiku na nakala ya kumbukumbu za miamala kila saa au chini ya hapo, zikiandikwa kwenye mashine nyingine. Hifadhidata iwe kwenye hali inayoruhusu nakala za kumbukumbu hizo, kama ile iitwayo Full, kwani ikiwa kwenye ile iitwayo Simple amri itakataa. Ukiwa na taswira ya usiku pamoja na nakala za kila saa, siku mbaya itakugharimu saa moja ya kazi, na makarani wanaweza kuirudia kutoka kwenye vitabu vya risiti.

Sasa kuhusu mahali pa kuweka. Watu wengi hukimbilia wingu, na kwa taswira ya kwanza hesabu inakataa. Gigabaiti 300 kupitia mtandao wa ndani wa megabiti 100 kwa sekunde ni takribani saa 7. Kupitia swichi ya mtandao ya gigabiti 1 ni chini ya saa moja, ikiwa diski zinamudu kasi hiyo. Lakini kupitia intaneti yenye kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde ni zaidi ya siku 5, mchana na usiku bila kukatika. Kushusha taswira hiyo siku ya maafa nako kuna hesabu yake. Tukumbuke pia Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilipozimwa nchini kote kwa siku kadhaa: aliyekuwa na nakala yake nje ya nchi peke yake hakuwa na namna ya kuifikia. Wingu litumie kwa nakala ndogo za hifadhidata zilizobanwa na kusimbwa, yaani kufungwa kwa ufunguo wa siri. Taswira zipitishe kwenye swichi ya ndani na uziweke kwenye diski za nje.

Nunua diski za nje mbili, na kama swichi yenu bado ni ya megabiti 100, ibadilishe kwanza, maana gharama yake ni ndogo ukilinganisha na saa itakazokuokolea. Diski moja ibaki imeunganishwa wiki hii, ya pili ikae nje ya jengo, kwenye tawi lenu au kwenye sefu ya benki, na zibadilishane kila Ijumaa. Usiziache zote mbili zimeunganishwa. Programu za kudai fidia zinapoingia kwenye seva hufunga kila diski zinayoiona, na diski ya nakala rudufu haziionei huruma. Seva, swichi na diski inayoandikwa ziwe zote kwenye UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika taswira, faili linaweza kubaki nusu huku ratiba ikionyesha kwamba kazi ilianza vizuri.

Usimbaji si hiari. Taswira ya seva yenu ina majina ya wanachama, namba za simu, vitambulisho na mikopo yao, na diski ya nje inaingia mfukoni. Sheria ya Uganda ya ulinzi wa data na faragha ya 2019 inamtaka anayeshika data binafsi ailinde, na ikivuja atoe taarifa mara moja kwa mamlaka husika. Tumia BitLocker kwenye diski ya upande wa Windows na LUKS kwa upande wa Linux, au usimbaji wa programu yenyewe pale toleo lako linapoutoa, na ufunguo wake uandikwe kwenye karatasi inayokaa kwa meneja, mbali na seva na mbali na diski. Taswira iliyosimbwa ambayo nywila yake ilikuwa ndani ya seva iliyokufa haifunguki kwa mtu yeyote.

Mkiwa na nafasi ya kununua mashine moja nzuri mwaka huu, ningewashauri mziweke seva zote mbili ndani yake zikiwa mashine pepe, juu ya Proxmox VE, programu ya kuendeshea mashine pepe, na mashine ya zamani muigeuze kuwa Proxmox Backup Server, ya kuhifadhia nakala zake. Zote mbili ni programu huria. Malipo ni ya msaada tu. Faida yake kwa swali lako ni kubwa: mashine pepe haijui kidhibiti cha diski kilicho chini yake, kwa hiyo tatizo la kurejesha kwenye mashine isiyofanana linapungua sana. Nakala ya kila usiku inachukua bloku zilizobadilika, bloku zinazofanana zinahifadhiwa mara moja tu, na ukisakinisha wakala wa QEMU, programu ndogo inayopokea maagizo ya Proxmox, ndani ya kila mashine, Windows inaitwa kupitia VSS na mfumo wa faili wa Linux unasimamishwa kidogo kabla ya snapishoti. Gharama yake ni kwamba mashine moja ikizimika, seva mbili zimezimika, na lazima uwe na mtu anayeielewa vizuri. Usifanye uhamisho huo wiki ya kufunga hesabu.

Kabla ya kuamini mpango wowote kati ya hii, chukua kompyuta yoyote yenye nafasi, iondoe kwenye mtandao, na urejeshe seva nzima juu yake. Angalia kwanza kama mashine hiyo inawaka kwa UEFI au kwa BIOS ya zamani, yaani programu za ndani zinazoianzisha mashine, kwa sababu taswira ya mfumo mmoja haiwaki kwenye mwingine bila kazi ya ziada. Windows ikisimama na ujumbe wa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, ni draiva ya kidhibiti cha diski inayokosekana. Iongeze kwa kutumia fleshi ya kuokolea. Ikiwaka, usiridhike na kuona ukurasa wa kuingilia: fungua hesabu ya mwanachama mmoja na ulinganishe salio lake na la seva halisi, kisha andika ilichukua saa ngapi tangu mwanzo. Idadi hiyo ya saa mpelekee meneja, kwa kuwa ndiyo atakayowaambia wanachama siku ya tatizo. Rudia kila miezi mitatu, na kila unapobadilisha toleo la mfumo.

Limebaki suala la Macrium na Acronis. Toleo la bure la Macrium Reflect lilifikia mwisho wa msaada tarehe 1 Januari 2024, na lilikuwa la kompyuta za kawaida. Halikuwa la Windows Server. Mwenzako aanze kuliacha, na asikubali nakala iliyovunjwa leseni kutoka kwenye fleshi ya mtu, kwa sababu programu ya nakala rudufu inaingia kwenye kila kona ya seva ikiwa na ruhusa za juu kabisa. Acronis ni bidhaa halali na ina uwezo wa kurejesha kwenye mashine zisizofanana, lakini kwa seva mbili za ukubwa huu sioni itawapa nini ambacho Veeam Agent na ReaR haziwapi. Ningelipia, iwe Acronis au toleo la kulipia la Veeam, kwa sharti moja: mkataba uwe na mtu anayepokea simu saa za kazi za Uganda na aliyekwisha kurejesha seva ya SQL Server mbele ya macho yako, kwenye mashine yako ya majaribio, kabla hamjasaini.